Tuta la Saba Chini ya Lantana

Mpendwa Mama Muringo,

Huwa nasoma majibu yako gazetini kila Jumamosi nikingoja chai ichemke, na sikufikiri hata siku moja kwamba nitakuwa mmoja wa wale wa kukuandikia, lakini nimefika mahali sina mwingine wa kuuliza na Jumatatu ya tarehe ishirini na tisa inakuja, kwa hivyo nivumilie nikueleze kutoka mwanzo, na ukinigombeza nitakubali.

Naitwa Mueni, niko na miaka arobaini na nne, mume wangu ni Munyao na tunaishi hapa karibu na Wamunyu ambako yeye ni mchongaji, anachonga vifaru na twiga, na siku hizi vijiko vya mbao kwa sababu ndivyo vinavyotoka haraka. Mama yake, marehemu Kavindu, alituachia shamba la ekari tatu upande wa Masii, juu kando ya barabara ni tambarare, mahali palipokuwa zizi la ng'ombe, halafu ni mteremko mpaka kwenye mto wa mchanga, na tangu afariki miaka tisa iliyopita hakuna mtu ametia jembe pale, mimi nilikuwa Athi River kiwandani na Munyao alikuwa Mombasa akiuza vinyago, na tuliporudi nyumbani mwaka juzi tulikuta shamba halionekani, ni lantana tupu imepita kichwa cha mtu, imeshikana na miti ya miiba hata mbuzi hapenyi.

Mwaka huu tumesema lazima tupande mahindi na pojo kabla ya mvua ya Novemba, na hapo ndipo kila mtu akatokea na njia yake. Jirani yetu Muthoka anasema tupige kiberiti, mambo yaishe asubuhi moja. Mwenye duka la dawa za kilimo pale Masii anasema ninunue dawa ya magugu ninyunyize juu ya majani kisha nikae nitazame yakikauka. Mimi nilikuwa nafikiria watu wa panga. Na kaka mkubwa wa mume wangu, Kimanzi, anayekaa Masinga, amesema ana rafiki mwenye tingatinga ambalo litapita njia hiyo tarehe ishirini na tisa, na kwamba litasukuma kila kitu mpaka mtoni kwa siku moja, na hatutatoa chochote kwa sababu ni urafiki tu. Munyao akasema sawa. Alisema sawa akiangalia viatu vyake, na mimi nikanyamaza.

Nilinyamaza kwa sababu niko na siri, na hapa ndipo naona aibu. Mwezi wa nane nilitaka tu kujua ile lantana ni nene kiasi gani, maana kila mtu alikuwa anatoa ushauri na hakuna hata mmoja aliyekuwa ameingia ndani, hata Munyao mwenyewe akifika kwenye ua anasimama hapo hapo na kusema turudi, basi Jumatano moja nikavaa gambuti nikachukua panga na nikamwambia naenda mazoezi ya kwaya. Nikakata njia ya upana wa mtu mmoja, nikapita pale tambarare, na mara tu nilipoanza kushuka mguu ukazama mpaka kwenye goti. Nilifikiri ni shimo la mnyama. Nikafyeka kando kidogo, nikaona si shimo ni mtaro mrefu, na upande wa juu wa mtaro kuna ukingo wa udongo, na kwenye ukingo kuna nyasi za makarikari ziko hai chini ya lile giza lote, ndipo nikajua nimesimama kwenye tuta, yale matuta yetu ya fanya juu ambayo mtu anachimba mtaro na kuutupa udongo upande wa juu ili maji yasiukimbize.

Mama Muringo, sijui nikueleze vipi, lakini tangu siku hiyo akili yangu ilibaki kule. Jumamosi nikarudi, tena nikasema ni kwaya. Nilitaka kujua kama kuna lingine chini yake, na likawepo, na chini ya hilo lingine tena, na kila nikirudi nyumbani nasema wiki ijayo sitaenda, na wiki ijayo ikifika naenda. Hii ni wiki ya sita na nasikia hata mwenyekiti wa kwaya ameshaniondoa kwenye sauti ya pili. Panga lenyewe ni lile la jikoni la zamani, na ajabu ni kwamba halichoki, wiki sita za lantana na miiba na linakata kuliko siku ya kwanza, nadhani chuma cha zamani kilikuwa kizuri.

Sasa siku moja tukila chakula cha jioni nikamuuliza Munyao kwa ujanja, shamba la mama lilikuwa na matuta mangapi. Hakufikiri hata kidogo. Akasema, "Sita. Yalichimbwa na mwethya wa akina mama, wakisaidiana shamba kwa shamba, mimi nikiwa darasa la saba. Mimi ndiye niliyekuwa nawabebea maji ya kunywa." Halafu akanishika mkono akaangalia kidole changu, akaenda kuchukua sindano akanitoa mwiba, na hakuuliza umetoka wapi.

Lakini mimi nilikuwa nimehesabu saba. Nilirudi nikahesabu tena nikiweka kijiwe mfukoni kwa kila tuta, na nikitoka nikatoa vijiwe, ni saba. Hilo la saba liko chini kabisa karibu na mto, na si kama wenzake. Ni fupi, linaishia katikati ya shamba. Halina makarikari. Ukingo wake ni mdogo, na mwishoni linapinda kidogo kuelekea chini, jambo ambalo yale mengine hayafanyi, yote yamenyooka kabisa. Na pale linapoishia kuna jembe. Limesimama kwenye udongo limeshika kutu, mpini umeliwa na mchwa umebaki kama kidole, na unaona kabisa kwamba mtu aliliacha hapo akitaka kulirudia.

Nimefikiri mpaka nimechoka. Nimefikiri labda ni Muthoka alikuwa anapenya kwenye shamba letu. Nimefikiri labda ni watu wa kuchota mchanga walikuwa wanatengeneza njia. Nimefikiri hata kwamba kuna mtu alikuwa anatafuta kitu kilichozikwa. Mama mkwe siwezi kumuuliza, na ukweli ni kwamba hata angekuwa hai sijui kama angenijibu, maana hatukupatana sana, yeye aliona mimi ni mtu wa kiwanda nisiyejua shamba na mimi niliona yeye ana maneno mengi. Mara ya mwisho alinipigia simu nikiwa Athi River, akasema, "Njoo hata siku mbili tu unisaidie kupima huku chini." Nikajua ni yale mambo yake ya mpaka na jirani, sikutaka kuingizwa, nikamwambia nitakuja Disemba, na Oktoba akafariki.

Kwa hivyo naomba unisaidie, ni njia gani ninafaa kuchagua katika hizo nne, na ni nani alichimba tuta la saba, kama mtu anaweza kujua jambo kama hilo akiwa mbali. Na nimwambieje mume wangu. Nikisema kuna matuta, lazima niseme nimeyaona lini, na nikisema nimeyaona lini, basi ile kwaya yote ni uongo. Nikinyamaza, tingatinga litayasukuma yote mtoni na sitajua kamwe.

Mueni, Wamunyu

*

Mueni,

Barua yako nimeisoma mara tatu na chai yangu imepoa. Nimefanya kazi ya afisa wa kilimo nyanjani miaka thelathini, nimeolewa huku Yatta na nimetembea mashamba ya Masii mpaka nikajua mbwa wa watu kwa majina, na bado sijapata kuulizwa swali zuri hivi na mtu mwongo hivi. Tuanze na lantana, kwa sababu hiyo haina machozi.

Hakuna njia moja iliyo bora kwa kila shamba. Anayekuambia ipo anauza kitu. Njia unaichagua ukishajua ardhi imelala vipi, ni mmea gani umeishika na chini ya mmea huo kuna nini. Kati ya watu wote waliokupa ushauri, wewe peke yako ndiye uliyeingia ndani kutazama, na kwa hilo nakupongeza, ingawa uliingia kwa mlango wa uongo.

Moto usiuguse. Lantana ukiichoma inakufa juu tu, shina linabaki ardhini na mvua ikinyesha linachipua kwa nguvu mpya. Wakati huo huo umechoma makarikari yanayoshikilia kingo zako, mteremko umebaki uchi, na mvua ya kwanza ya Novemba inabeba udongo wako kuupeleka mtoni. Muthoka hana nia mbaya, ila yeye shamba lake ni tambarare.

Dawa nayo ina wakati wake, na Septemba si wakati huo. Mmea uliojikunja kwa kiu haunywi kitu, hata dawa haunywi. Utanyunyiza, majani yatabadilika rangi, utafurahi, na shina litakuwa linakucheka. Tena pale chini kuna mto wa mchanga ambao watu wanachimba visima vya maji ya kunywa. Usimpe jirani yako sumu kwa sababu wewe una haraka.

Tingatinga ni mashine nzuri sana mahali pake. Mahali pake si mteremko wenye matuta. Litasukuma lantana, ndiyo, na litasukuma pamoja nayo ule udongo mweusi wa juu na kingo zote sita zilizokaa hapo tangu mume wako akivaa kaptura ya shule. Kilichochimbwa na akina mama kwa majembe msimu mzima kitakuwa kimekwisha kabla ya saa sita mchana. Na kuyachimba upya, wewe na nani?

Kwa hiyo ni panga, lakini si panga peke yake, kwa maana ukikata lantana na kuacha shina umeipogoa tu. Kata juu, usafishe uone shina, kisha ling'oe kwa sururu na mizizi yake. Kata na kung'oa, tuta moja baada ya jingine, ukianzia juu. Matawi yalaze kwa mstari kando ya kingo yakauke, usiyaburute shamba zima yakimwaga mbegu. Usiruhusu mtu aje na mbuzi wake kula majani hayo mabichi akidhani anakusaidia, yanawafanya mifugo waugue, na ugomvi wa mbuzi mgonjwa hauishi. Miti ya miiba usiimalize yote. Mvua ikishanyesha, kila wiki pita ung'oe miche midogo kwa mkono, na ufanye hivyo misimu miwili. Hiyo sehemu ya mwisho ndiyo watu huiacha, halafu wanasema lantana ina uchawi.

Watu wa kazi usiwatafute mbali. Shamba lile lilichimbwa na mwethya, lisafishwe na mwethya. Nenda kwa hiyo kwaya uliyoisingizia wiki sita, simama mbele yao useme ulikuwa wapi, uwaombe siku mbili. Watakucheka, na ni haki yao. Pika muthokoi wa kutosha na usiwe bahili wa nyama, na utaona sauti ya pili inavyojua kushika panga.

Kuhusu shemeji yako Kimanzi, usimwaibishe. Amejitolea kwa moyo mzuri na ni mkubwa wa nyumba. Mshukuruni, tingatinga lije, lisafishe ile sehemu tambarare ya zizi, halafu Munyao asimame pale mteremko unapoanza na dereva asipite alipo. Kila mtu atarudi nyumbani amefanya kazi.

Sasa tuta la saba.

Umeniuliza kama mtu anaweza kujua akiwa mbali. Mimi simjui mama mkwe wako, lakini matuta nayajua, na wewe mwenyewe umeniandikia jibu bila kuliona. Matuta huchimbwa kuanzia juu kushuka, kwa hiyo la chini kabisa ndilo la mwisho. Mumeo anayajua sita kwa sababu alikuwepo yakichimbwa, na hilo la saba halijui kwa sababu lilichimbwa yeye akiwa Mombasa. Mwizi wa mchanga hachimbi mtaro na kutupa udongo upande wa juu. Jirani anayepenya hakuzuilii maji yasibebe udongo wako. Aliyechimba pale alikuwa analipenda shamba hilo, na alikuwa peke yake. Najua alikuwa peke yake kwa sababu tuta linapinda. Tuta hupimwa na watu wawili, mmoja anashika kamba huku, mwingine anashika kule, wanasogezana mpaka usawa upatikane. Mtu mmoja akijipimia, anafunga kamba kwenye kijiti na kuamini jicho lake, na jicho la mtu mzee aliyechoka hudanganya kuelekea chini.

"Njoo hata siku mbili tu unisaidie kupima huku chini." Hakuwa akizungumzia mpaka, Mueni. Alihitaji mtu wa kushika upande wa pili wa kamba, na katika wote aliokuwa nao alikuchagua wewe, yule mtu wa kiwanda asiyejua shamba. Najua haya yatakuumiza. Nimefikiri kama niyaandike au nikuambie tu habari za lantana, lakini uliuliza, na mtu aliyekata njia wiki sita kwa panga ili ajue, anastahili kujua. Lia ukitaka. Kisha usikie lililobaki.

Unaogopa mume wako atajua. Kweli, Mueni? Umekata lantana na miiba wiki sita na panga linakata kuliko siku ya kwanza. Hakuna chuma cha hivyo, cha zamani wala cha sasa. Nimeshika panga maisha yangu yote, na lantana inalimaliza kwa siku mbili. Panga halijinoi. Katika nyumba yenu kuna mtu mmoja ambaye kazi yake ni makali, mwenye tupa na jiwe la kunolea, na huyo ndiye aliyekutoa mwiba kidoleni bila kuuliza umetoka wapi, maana waimbaji hawachomwi na miiba. Anajua. Sijui amejua tangu lini, lakini anajua, na badala ya kukuuliza amekunolea panga ili usiumie.

Kwa nini basi alimwambia kaka yake sawa? Hilo siwezi kukuapia. Ila mtu anayefika kwenye ua wa mama yake na kusema turudi, simwiti mvivu. Naona mtu aliyekuwa Mombasa wakati mama yake akimalizika, na hajui atakuta nini ndani. Mashine ingemmalizia kazi hiyo bila yeye kutazama. Wewe ulikuwa unaogopa kusema, yeye anaogopa kuingia, na tarehe ishirini na tisa inawasubiri nyote wawili.

Leo ni Jumamosi, una siku tisa. Usimwandikie ujumbe kwa simu, usimtume mtu, usimzungushe na maswali ya ujanja mezani. Mwambie kwa kinywa chako kwamba hukuwa kwenye kwaya, kisha mshike mkono mpite kwa ile njia yako, tuta moja moja, na mwache ayahesabu yeye. Atasema sita. Usimjibu, endelea kushuka. Mkifika kwenye jembe, mwambie habari ya ile simu, yote, pamoja na jibu ulilompa mama yake. Usiling'oe wewe hilo jembe. Mwache alitoe yeye, maana yeye ni mtu wa mbao na mpini hatashindwa kuuchonga. Mkishautia, chukueni kamba, yeye ashike huku na wewe ushike kule, mlinyooshe pale lilipopinda na mliendeleze mpaka liishie mahali alipotaka liishie.

Ulimwambia utakuja Disemba. Nenda kesho, baada ya misa.

Muringo